Mama jirani ameniachia mimi nimtajie bei ya Hilux ya marehemu mzee wake, nimwambie ngapi iwe haki?

MkulimaNjoro:

Wadau habari zenu. Niko huku Njoro, nalima viazi na kabeji, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nakodisha pikapu za watu kila wiki kupeleka mzigo soko la Wakulima pale Nakuru. Pesa ya kukodi imenichosha, nataka yangu.

Sasa kuna mama jirani, mzee wake alituacha mwaka jana mwezi wa nane. Ameachiwa Toyota Hilux singo kebini ya dizeli, injini ni 3L, namba KAK, logbuku (hati ya mwenye gari) inasema ilisajiliwa 1999 na jina ni la huyo mzee tu tangu ikiwa mpya, hakuna mwingine. Hio gari imetubeba kijiji mzima, imepeleka wagonjwa hospitali usiku, imebeba mbolea, imebeba majeneza ya watu wetu. Tangu mazishi iko kwa banda haijatoka.

Wiki iliyopita broka alikuja akamtajia mama bei ya elfu 180, keshi hapo hapo, pesa mkononi. Mama akamwambia atafikiria. Jioni akanituma mtoto niende. Nikapewa chai na viazi, tukaongea mambo ya mvua, alafu akaniambia hivi, "Mwanangu, mimi magari sijui, mzee ndio alikuwa anajua. Wewe unaijua na unaihitaji. Nitajie bei, ile utasema nitakubali."

Wadau sijalala vizuri tangu hio siku. Angesema 400 ningemshusha mdogo mdogo tukutane mahali, hio ni biashara ya kawaida. Lakini mtu akikuambia taja wewe, inakuwa kitu kingine kabisa. Na kijana wake wa Nairobi amepiga simu anasema ameona mtandaoni Hilux kama hio ikiuzwa 650 kwa hivyo isiuzwe chini ya 600. Kati ya 180 na 600 hapo katikati kuna shamba zima. Mimi nataka bei yenye nikikutana na huyo mama kanisani miaka kumi ijayo namwangalia machoni. Na pia sitaki kuumia juu hio pesa ni ya sako.

Mnapimaje bei ya gari kuukuu hivi?

FundiKibuye:

Karibu ndugu. Mimi ni fundi wa Kisumu, niko juakali ya Kibuye, pikapu za dizeli ndio kazi yangu.

Kwanza ondoa hio 650 kwa kichwa. Ile bei imeandikwa mtandaoni ni bei ya mtu anayeomba, sio bei ya mtu aliyelipwa. Hio tangazo unaweza kuikuta hapo tena mwaka ujao na picha ni zile zile, hata matope kwa tairi ni yale yale. Na 180 ya broka pia ondoa, hio ni bei ya mtu aliyeona mama amevaa kitambaa cheusi. Zote mbili hazisemi chochote kuhusu gari.

Tafuta watu watatu hapo kwenu waliouza au kununua Hilux ya miaka hio, ya dizeli, mwaka huu ama mwaka jana, uwaulize walilipana ngapi kwa ukweli. Ya kufanya kazi, sio ya kulala. Iwe Hilux na Hilux, usichanganye na Isuzu TFR wala Nissan. Isuzu inaunganishwa hapa hapa Nairobi tangu enzi ikiitwa General Motors East Africa kabla ya 2017, spea zake ziko kila kona, bei yake ina maisha yake. Ukishapata hizo bei tatu una mahali pa kusimama. Kutoka hapo unashuka na magonjwa ya hii moja unayoiangalia, ugonjwa kwa ugonjwa na bei ya kuutibu.

Na anza chini. Watu wanafungua boneti kwanza, mimi nalala chini ya gari kwanza. Injini unaweza kununua ingine, ata giaboksi, lakini chasis ikioza umenunua chuma chakavu yenye viti. Chukua nyundo ndogo ugonge chasis yote kutoka mbele hadi nyuma, polepole, hasa pale springi ya nyuma inashikana na chasis, matope hukaa hapo miaka. Chuma nzima inalia kama kengele. Chuma iliyooza inalia pwa, kama unagonga mti mbichi, na saa zingine nyundo inaingia. Kwa bodi, funga sumaku na kitambaa chembamba usiparuze rangi, pitisha kwa milango na kona za kebini. Pale sumaku haishiki ni fila, uliza kilichotokea hapo.

BrokaSection58:

Mimi ni broka wa Nakuru na ningependa kusema kitu bila vita. Huyo alitoa 180 sio mimi. Lakini mjue broka akinunua analipa keshi siku hio, gari inaweza kumlalia miezi mitano, anatengeneza, anapanga karatasi, anatafuta mteja, na mteja akirudi na shida ni kwake anarudi. Hio yote lazima iwe ndani ya bei. Kwa gari kama hio yenye karatasi safi mimi ningetoa kama 230, 240. 180 ni chini sana, hapo nakubali, huyo alimfinya mama juu ya huzuni yake na mimi sijapenda.

Ila mkulima wewe sio broka. Hio gari unaitumia mwenyewe, faida ya broka haikuhusu, kwa hivyo usipige hesabu yangu. Bei yako lazima iwe juu ya yangu.

Na kitu kingine watu hawaelewi, kwa nini hizi mizee hazishuki bei. Sheria hairuhusu kuingiza gari iliyotumika zaidi ya miaka 8, kwa hivyo Hilux ya 1999 haiwezi kuja ingine kwa meli. Zilizoko ndio zilizoko, kila moja ikienda skrapu zinabaki chache, na mkulima anazitaka juu hazina kompyuta na fundi wa kijiji anaziweza. Vigo za D4D, zile Hilux za baadaye za kompyuta, ni gari nzuri lakini injekta zikienda utauza ng'ombe. Ndio maana 3L nzima bado inalipwa pesa ya maana.

MamaOmena:

Mkulima pole na hongera kwa kuuliza. Mimi nachukua omena Usenge naleta soko la Luanda, nimeendesha TFR miaka tisa na kabla ya hapo nilikuwa na Hilux ya petroli ya 22R.

Uliza gari ilikuwa inabeba nini. Hio ndio umri wake, mwaka wa logbuku baadaye. Yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu wa samaki na sikujua, kitanda cha nyuma kilikuwa kinang'aa rangi mpya, baada ya mvua mbili sakafu ikaanza kutoboka juu maji ya samaki yalikuwa yamekula chuma chini ya rangi. Hivyo hivyo iliyotoka pwani, chumvi ya bahari inaila kwa ndani. Iliyobeba mchanga wa mto ama mawe ya machimbo, angalia springi na difu. Iliyobeba viazi zamani kabla ya ile sheria ya gunia la kilo 50, wakati wa lumbesa, magunia ya kujazwa kupita kiasi, gari ya tani moja ilikuwa inabebeshwa mpaka pua inaangalia mbinguni, hio chasis imechoka hata kama ni safi. Mzee wa kubeba mbolea yake na familia yake na kwenda kanisani ni dereva tofauti kabisa na kijana wa kukodishwa.

Kilomita kwa dashibodi usiamini sana, nyingi zilikufa zamani. Angalia mpira wa pedali ya klachi na breki, angalia kiti cha dereva upande wa mlango anapoingilia, shika usukani. Hapo ndio kuna kilomita za ukweli.

MkulimaNjoro:

Huyo mzee alikuwa analima ngano kidogo na ng'ombe wa maziwa, alikuwa anapeleka maziwa asubuhi na kurudi. Hakuwahi kumpa mtu ausgeshe peke yake, hata sisi tukiomba alikuwa anaendesha mwenyewe. Pedali ya klachi imekwisha mpira lakini kiti kiko na kitambaa alichoshona mama na chini yake ni kizima.

*Samahani, "aendeshe", simu inaandika vitu vyake.*

MwalimuKakamega:

Mulembe. Naomba mnisikize hapa kabla ya mambo ya injini, juu mimi niliumia na sikuumizwa na injini.

Mwaka 2014 nilinunua Peugeot 504 pikapu, zile za kuunganishwa Mombasa. Wazee wa huku Magharibi tunazijua, zilikuwa zinapanda milima ya Maragoli na mzigo kama hakuna kitu. Nilinunua kwa kijana ambaye babake alikuwa amefariki. Alinipa logbuku ya babake, tukaandikiana karatasi na mashahidi wawili, nikalipa yote. Baada ya miezi minne akatokea mke wa pili wa marehemu na watoto wake na barua, wakasema baba yao hakuacha gari kwa huyo kijana. Gari ikapelekwa kituo cha polisi, ikakaa nje kwa mvua miezi nane. Niliporudishiwa baada ya kuzungushwa, betri ilikuwa imeenda, tairi mbili zimeenda, redio imeenda, na bado haikuwa yangu, juu jina halingeweza kubadilishwa. Mwisho niliiuza kama skrapu, kwa idhini yao, na tukagawana. Pesa ya mshahara wa mwaka mzima.

Gari ya marehemu hakuna mtu ana haki ya kuiuza mpaka korti imempa barua za usimamizi wa mali. Hata mjane. Sheria ya urithi, kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marehemu bila hio barua ni kosa. Utaratibu ni huu: mama anaenda kwa chifu kupata barua inayotaja warithi wote, anaenda kortini na cheti cha kifo, ombi linatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga, alafu korti inatoa barua. Kuthibitishwa kwa hio barua kwa kawaida ni baada ya miezi sita, korti inaweza kuharakisha ikiona sababu. Ukishapata hizo karatasi ndio NTSA, ofisi ya kusajili magari, itakubali kuhamisha jina.

Kwa hivyo bei yoyote mtakubaliana leo ni ahadi tu. Usitoe hata shilingi ya kushikilia. Na usiichukue kuanza kubebea viazi ukisema utalipa baadaye.

FundiKibuye:

Mwalimu ameongea. Na kwa karatasi ongeza hii, tafuta rekodi ya gari kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA, inalipiwa kidogo tu na inakuonyesha jina la mwenyewe na kama kuna benki ama kampuni ya mikopo imeandikwa pamoja naye. Wazee wengine waliweka logbuku kwa mkopo na hawakuambia mtu nyumbani. Kuna pia rejista ya mali inayohamishika iliyowekewa dhamana, ilikuja na sheria ya 2017, nayo inatafutwa hapo hapo kwa eCitizen. Alafu namba ya chasis kwa logbuku ilingane na ile imepigwa kwa chuma, kwa Hilux hizo iko kwa chasis yenyewe kando ya gurudumu la mbele kulia, osha na brashi ya waya usome mwenyewe. Namba ya injini pia. Ikiwa injini ilibadilishwa na logbuku haikurekebishwa, hio ni safari ingine ya ofisi.

MkulimaNjoro:

Asanteni sana, mwalimu pole kwa hio, nimeisoma mara tatu.

Jumamosi nilienda na fundi wangu wa Njoro. Mama alikuwa amefagia banda. Nimechukua muda kuandika juu nataka niseme kila kitu vile kilikuwa.

Tulianza chini kama FundiKibuye alisema. Nililala kwa gunia nikagonga na nyundo kutoka mbele, ting, ting, ting, mpaka nikafika nyuma kushoto pale springi inaning'inia, ikalia pwa. Nikagonga tena. Kutu ikaniangukia usoni na kipande kama ukubwa wa sarafu ya kumi kikatoka. Fundi akachunguza akasema ni hapo tu, chuma ya kando ni nzima, inakatwa na kupigwa bamba ya chuma mpya na kuchomelewa, lakini ifanywe na mtu anajua. Upande huo huo jani kuu la springi limevunjika. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa kona ya nyuma ya kitanda, na mama mwenyewe akasema hapo mzee alirudi nyuma akagonga mti wa mparachichi 2011, mti bado uko.

Betri ilikuwa imekufa, tukaleta ya fundi. Injini ilikuwa baridi kabisa, miezi imelala. Ilizungushwa mara tatu, ya nne ikashika. Moshi mweupe kama dakika mbili alafu ikaisha, baada ya hapo hakuna. Hakuna wa bluu. Tulifungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, mvuke kidogo sana, kifuniko tulikiweka juu bila kukifunga hakikuruka. Oili nyeusi lakini haina maji, haikuwa kama chai ya maziwa. Radieta tulifungua kabla ya kuwasha, maji ni ya kutu, na ikipata moto inavuja kwa pembeni, lakini haitoi mapovu, kwa hivyo gasketi inaonekana iko sawa. Mkanda wa taiming hakuna mtu anajua ulibadilishwa lini. Tuliisogeza ndani ya boma mbele na nyuma tu, klachi inashika juu juu kabisa, na gia ya pili inakwaruza ukiingiza haraka. Breki ya nyuma kulia inalia chuma. Tairi zote zina nyufa.

Namba ya chasis inalingana. Namba ya injini inalingana. Hakuna benki.

Bei za ukweli nilizopata, nimeongea na wenyewe uso kwa uso: ya Mau Narok 390, ya Molo 420, ya Elburgon 450. Zote ni Hilux dizeli za mwisho wa tisini na zinafanya kazi kila siku. Nimechukua katikati, 420.

Fundi akanipigia hesabu. Springi na bushi 14. Kuchomelea chasis 12. Radieta kuweka moyo mpya 9. Klachi nzima na kazi 13. Tairi nne 38. Betri 12. Mkanda wa taiming na vinavyoenda nao 8. Breki 7. Inspekshen, advansi taksi na bima 10. Jumla ni 123. Nikitoa kwa 420 nabaki na 297. Nilikuwa nataka kumwambia mama 290 tupige mviringo. Mnaonaje?

FundiKibuye:

Kazi nzuri sana, umeangalia kama fundi. Ila hio hesabu iko na kosa na kosa lenyewe linamuumiza mama.

Ile ya Molo ya 420, ilikuwa na tairi mpya? Na betri ya dukani? Haikuwa. Ilikuwa na tairi nusu na betri ya mwaka mmoja ama miwili kama gari yoyote ya kazi. Sasa wewe ukimtoza mama tairi nne mpya unalinganisha gari yake na gari bora kuliko hizo tatu zako. Utapanda tairi mpya na wewe ndio utazimaliza. Mtoze nusu. 38 iwe 19, betri 12 iwe 6. Magonjwa ndio unatoza yote, springi, chasis, radieta, klachi, breki, juu zile zingine tatu hazikuwa nazo. Mkanda wa taiming bei yake yote ibaki kwa hesabu, kwa 3L unabadilishwa kila kilomita laki moja na ukikatika unavunja valvu, na hakuna mtu anajua historia.

MamaOmena:

Na bima ni yako sio yake! Bima inakulinda wewe ukianza kuendesha, mama hana haja nayo. Inspekshen na kodi ya kipindi imelala sawa, hio ni ya gari.

MkulimaNjoro:

Kweli. Sikuwa nimeona hivyo kabisa. Bima ni kama nusu ya hio 10, basi 5. Kwa hivyo 123 natoa 19 za tairi, 6 za betri, 5 za bima, nabaki 93. 420 toa 93 ni 327.

Ile gia ya pili sijaihesabu.

FundiKibuye:

Gia ya pili kukwaruza ni senkronaiza inakwisha, sio kifo, wengi wanaendesha hivyo miaka kwa kushika polepole. Toa 7 tu kwa hio gia, kufungua giaboksi ni zaidi ya hapo lakini hakuna anaonewa, na zile zingine tatu pengine pia zilikwaruza kidogo. Sema 320.

BrokaSection58:

320 ni bei. Ningekuwa na mteja wa mwisho nikiwa nimeitengeneza ningeitoa 420, 430. Kwa hivyo mimi nimeona katikati hapo hakuna mtu ameibiwa. Mwambie mama pia asikubali mtu mwingine aifungue fungue hio injini akisema anaangalia, vitu vinapotea hivyo.

DerevaBungoma:

Mimi nina swali, mnasema mwenye mmoja tangu 1999 na karatasi safi, hio haiongezi bei? Mimi ningelipa zaidi kwa hio kuliko ya mikono sita.

MamaOmena:

Inaongeza. Lakini pia iko kwa korti, na kungoja miezi bila kujua mwisho ni gharama ya mkulima, ataendelea kukodi pikapu za watu. Mimi naona hizo mbili zinakutana. Kama kungekuwa hakuna mambo ya urithi ningesema aongeze 15 ama 20 kwa ajili ya huyo mzee alivyoitunza.

MwalimuKakamega:

Nakubaliana na Mama. Na mkulima, ongea na huyo kijana wa Nairobi kabla ya kumwambia mama namba. Yeye ni mrithi, atatakiwa kukubali kortini. Ukimpita atakuja kukutokea kama ule mke wa pili wa marehemu alivyonitokea mimi.

MkulimaNjoro:

Nimerudi wadau, wiki mbili zimepita.

Nilimpigia yule kijana, akaanza na moto, 600 ama iozee hapo. Sikubishana. Nikamwambia akija nyumbani nitampeleka. Akaja wikendi. Nikakodi boda mbili tukaenda Molo na Elburgon, akaongea na wenye gari mwenyewe, akawauliza walilipa ngapi, akaona hizo gari zinavyokaa. Tukirudi nikamlaza chini ya ile ya babake nikampa nyundo. Alipogonga ile kona ya pwa alinyamaza muda. Alafu akasema alikuwa na miaka kumi hio gari ikija nyumbani, babake alimtoa shule siku hio waende Nakuru kuichukua.

Nikampa karatasi ya hesabu, nimeiandika kwa kalamu, kila ugonjwa na bei yake, na upande mwingine vile mlinirekebisha tairi na betri na bima. Akaisoma mara mbili. Akauliza kuhusu radieta akapiga simu duka la Nakuru kuhakikisha, wakamwambia 8,500 hadi 9,500. Hapo nikaona tumeelewana.

Jioni tulikaa watatu na dada yake kwa simu. Nikasema 320. Mama hakuangalia mimi, aliangalia kijana wake. Kijana akasema, "Mama, hio ni bei ya ukweli." Mama akasema sawa, basi ni hio, na kwamba angekubali hata 200 na nilijua angekubali. Sikujua la kumjibu.

Kuhusu pesa, mama ana shida ya karo ya mjukuu muhula huu. Nilikuwa nimeanza kusema nitoe kitu ya kwanza nikakumbuka mwalimu. Tumefanya hivi: mimi na jirani wengine wawili tumemkopesha 30 kama mkopo wa kawaida wa majirani, imeandikwa kwa daftari ya kikundi, haitaji gari mahali popote, atalipa akivuna ama akitaka. Gari ikikwama kortini mkopo unabaki mkopo.

MwalimuKakamega:

Hapo umefanya vizuri. Hio ndio njia.

FundiKibuye:

Safi sana. Sasa wakati inangoja isife. Ipandishwe juu ya mawe tairi zisilale mahali pamoja na ile springi iliyovunjika ipumzike, toa waya ya betri, ziba ekzosi na kitambaa panya wasiingie, na mwaga yale maji ya kutu kwa radieta uweke safi. Mama akiruhusu iwashwe mara moja kwa wiki dakika kumi na tano, ipate moto vizuri. Hio sio kuitumia, ni kuitunza.

MkulimaNjoro:

Tumeshaipandisha, tulitumia mawe ya ule ukuta wa zamani wa zizi. Mama amesema Jumamosi baada ya kukamua ndio saa ya kuwasha na anataka kuwa hapo. Mara ya kwanza injini imeshika mzunguko wa pili.

Barua ya chifu imetoka jana, majina yote yako, hata ya yule dada wa Eldoret tulikuwa tumesahau ID yake. Jumatatu wanaenda kortini Nakuru kuwasilisha. Tangazo likitoka kwa gazeti rasmi nitaweka hapa mjue siku 30 zimeanza lini.

FundiKibuye:

Ukifika hapo nitafute, hio jani kuu la springi nitakutafutia la kutoka kwa gari ingine zima, ni bora kuliko yale mapya mepesi ya siku hizi, na nitakutumia na matatu ya Nakuru.